Tuahirishe safari ya jijini mpaka watoto wakue?

"Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu: binti wa miaka mitano, mvulana wa miaka mitatu na nusu, na mdogo wa miezi minane. Mwaka jana, nikiwa na ujauzito wa miezi mitano, tulikwenda siku nne kutembelea jiji kubwa. Nilikuwa na orodha ya mambo kumi na mawili ya kuona. Siku ya pili, ndani ya jumba la makumbusho, mwanangu wa kiume alijitupa sakafuni akapiga makelele mpaka mlinzi akaja. Siku ya tatu binti yangu alitupotea kituoni kwa dakika kama kumi. Tulirudi tumechoka kuliko tulivyoondoka, na mimi na baba yao tulikuwa hatusemeshani. Sasa ana likizo ya siku sita na anataka twende tena, safari hii sote watano. Dada yangu anasema ni kutupa pesa, watoto wa umri huu hawakumbuki chochote. Mama mkwe anasema nimewadekeza. Je, tusubiri wakue? Na tukienda, nifanye nini yasijirudie?"

Mama, nianze na huyo kijana aliyejitupa sakafuni, maana naona aibu yake bado unaibeba. Wakati ule alikuwa na miaka miwili na nusu. Ungekuwa umeketi mbele yangu ningekuuliza maswali matatu: ilikuwa saa ngapi, mara ya mwisho alilala lini, na mara ya mwisho alikula lini. Nimewauliza wazazi wengi maswali hayo, na majibu hufanana kiasi kwamba huwa nayajua kabla hayajatoka mdomoni. Ilikuwa mchana, hakuwa amelala, na alikuwa amekula asubuhi tu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 mpaka 14 kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 mpaka 13, ukijumlisha na ule wa mchana. Usingizi hujikusanya ubongoni kama maji kwenye ndoo iliyotegwa chini ya bomba, na ndoo ya mtoto ni ndogo, hujaa mapema. Ikishajaa naye hajalazwa, mwili hujitetea kwa kumwaga homoni za kuamsha, adrenalini na wenzake. Hapo ndipo utamwona kachangamka ghafla, anakimbia, anacheka hovyo, na mzazi anasema, "Huyu leo hana usingizi kabisa." Dakika ishirini baadaye yuko chini anagaragara. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayotuzuia sisi watu wazima tusipige kelele foleni isiposogea, huendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka ishirini. Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu ndiyo kwanza inaanza kazi, na akichoka huwa ya kwanza kuzimika.

Ongeza miguu. Mtoto wa umri ule ana urefu wa sentimita tisini hivi, na hatua yake ni kama nusu ya yako. Njia uliyotembea wewe kwa hatua elfu tano, yeye ameimaliza kwa karibu elfu kumi. Tena kwa kila kilo ya mwili wake anatumia nguvu nyingi kuliko wewe, na akiba yake ya chakula mwilini ni ndogo.

Na mahali penyewe pana lake. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa katibu wa jumba la makumbusho ya sanaa la Boston nchini Marekani, aliandika juu ya uchovu wa makumbusho. Alimpiga picha mtu akijaribu kutazama vitu vilivyopangwa kwenye makabati: anainama, anachuchumaa, ananyoosha shingo. Alikuwa akiwazungumzia watu wazima, ambao wanajua kusoma maelezo ya ukutani na wamekwenda kwa hiari yao. Mwanao aliona miguu ya makabati na viuno vya wageni, akaambiwa asiguse, asikimbie, asipaze sauti. Kila "usi" ni kazi kwa ile sehemu ya ubongo niliyoitaja. Nadhani alijitahidi sana kufika hapo alipofika.

Kuhusu kudekezwa, kuna kipimo unachoweza kukitumia mwenyewe, hata mbele ya mama mkwe kwa heshima zote. Mtoto anayelia kwa sababu amenyimwa kitu hunyamaza akipewa, na mara nyingi hukutazama kwa jicho la pembeni kuona kama kilio kinafanya kazi. Mtoto aliyeishiwa nguvu hataki chochote. Ukimpa maji anayasukuma, ukimbeba anajinyonga, ukimshusha analia abebwe. Huyo wa pili hana somo la kujifunza kwa wakati ule. Mtoe penye watu, keti naye chini, sema maneno machache kwa sauti ya chini, subiri. Kumchapa au kumfokea kunamwongezea zilezile homoni zilizomwangusha. Nidhamu ina nafasi yake, kesho asubuhi, akiwa ameshiba.

Sasa dada yako na kumbukumbu. Amesema nusu ya kweli. Watu wazima wengi, wakiulizwa jambo la kwanza kabisa wanalolikumbuka maishani, hutaja la umri wa miaka mitatu au mitatu na nusu hivi; ya kabla ya hapo hufutika. Kwa hiyo mwanao mdogo hatakumbuka, hilo ni hakika. Lakini kusema watoto wa miaka mitatu na mitano hawakumbuki chochote ni kosa. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Nina Hamond na Robyn Fivush, walichapisha mahojiano na watoto waliokuwa wamepelekwa Disney World, bustani kubwa ya michezo nchini humo, wakiwa na umri wa miaka mitatu au minne. Wengine walihojiwa baada ya miezi sita, wengine baada ya mwaka mmoja na nusu. Wote walikumbuka mengi, na kwa usahihi. Tofauti ilikuwa kwamba wakubwa kidogo walisimulia kwa kirefu bila kudokezwa, na watoto ambao safari ile huzungumzwa nyumbani kwao walikumbuka zaidi. Fivush na wenzake wameifuatilia habari hii ya mazungumzo kwa miaka mingi: mzazi anayeuliza "Na baada ya lile daraja, tuliona nini?" hujenga kumbukumbu imara kuliko anayeuliza "Ulifurahi?"

Jiandae tu kwamba watakumbuka mambo yao. Utamwonyesha mnara maarufu, naye miezi sita baadaye atamsimulia bibi yake habari za ngazi za umeme na njiwa mwenye mguu mmoja.

Je, msubiri? Wengi hufikiri kila mwaka mnaosubiri unarahisisha safari. Kwa familia yenu haiko hivyo. Mdogo wa miezi minane ni mzigo mwepesi kuliko unavyodhani: anakaa mgongoni, analala popote, na kama bado ananyonya, chakula chake hakina foleni. Mkisubiri mwaka mmoja atakuwa na mwaka na miezi minane, yaani anakimbia, hasikii, hataki kigari wala mgongo. Katika uzoefu wangu huo ndio umri mgumu kuliko wote jijini. Kwa hiyo mnachagua kati ya kwenda sasa na kusubiri miaka mitatu hivi, mpaka yeye naye awe na miaka karibu minne. Kusubiri si dhambi. Kama baba yao anataka jiji lenyewe, makumbusho kwa saa nne na matembezi ya usiku, basi kweli subirini, au nendeni wawili siku mbili, wakubwa wabaki na mtu wanayemjua vizuri. Nisichokushauri ni kumwacha mdogo siku sita nzima. Huu ndio umri ambao hofu ya kutengana na mama inaanza kupanda, na kama ananyonya mtateseka wote wawili.

Mkiamua kwenda sasa, nendeni mkijua mtaona kama theluthi moja ya jiji. Mkilikubali hilo kabla ya kufunga mizigo, mtakuwa mmejiepusha na ugomvi mwingi wa mwaka jana.

Mpango ninaowapa wazazi wenye watoto wa umri huu ni jambo kubwa moja kwa siku, na liwe asubuhi. Fikeni mlango unapofunguliwa, foleni ni fupi na vichwa ni vipya. Katika makumbusho, dakika arobaini na tano mpaka saa moja inatosha; chagueni vitu vitatu tu, kimoja kichaguliwe na binti yako kwenye picha kabla hamjaondoka nyumbani, awe na cha kukitafuta. Mbebeni au mpandisheni penye usalama mara kwa mara aone kile mnachokiona ninyi. Kufikia saa saba mchana muwe chumbani, pazia limefungwa. Kijana wa miaka mitatu na nusu huenda asilale kila siku, lakini alale chali gizani kwa saa nzima hata kama anaongea na vidole vyake. Jioni, kama wameamka vizuri, tokeni kwa jambo dogo lisilo na tiketi: bustani, kivuko, daraja la kutazama treni zikipita. Siku ya tatu au ya nne msiwe na jambo kubwa lolote. Nawajua wazazi wanaoiba siku hiyo kwa "mara moja tu". Nawajua pia wanaonipigia simu siku ya tano.

Ndiyo maana mahali pa kulala pana uzito kuliko ukubwa wa chumba. Chumba kidogo cha umbali wa dakika kumi kutoka katikati ya jiji kitawapa usingizi wa mchana kila siku. Chumba kikubwa cha mwendo wa saa moja hakitawapa hata mara moja. Mkifika, kabla ya kufungua mabegi, mmoja wenu atambae kwa magoti chumba kizima kama mtoto. Utaona nyaya, pembe za meza, dawa iliyosahauliwa na mgeni aliyetangulia. Ikiwa mko ghorofani, sogezeni vitanda na viti mbali na madirisha na mlango wa roshani, na hakikisheni madirisha hayafunguki kiasi cha mtoto kupita. Maji ya bomba yajaribuni kwa kiwiko kwanza.

Kigari au mgongo? Vyote viwili. Kijana wako utaambiwa amepita umri wa kigari, usisikilize. Jijini kigari ndicho kitanda chake cha dharura. Mdogo akae kwenye mbeleko, maana penye ngazi nyingi vigari viwili ni adhabu. Jambo moja nalisisitiza: jua likiwa kali, usikifunike kigari kwa kitambaa, hata chepesi. Hewa ya ndani hupanda joto haraka na hauoni uso wa mtoto. Watoto hupokea joto la nje upesi kuliko sisi kwa sababu ngozi yao ni kubwa ukilinganisha na uzito wao, na kigarini wako karibu na lami inayochemka. Tafuta kivuli, mpe maji kidogo kidogo kabla hajaomba. Mdogo umnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Kwenye teksi, tafadhali, kiti cha mtoto, mkodi au mbebe chenu. Najua utasema ni mwendo mfupi na nimempakata. Gari linalogonga kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita kumi hivi, yaani ghorofa ya tatu. Hakuna mikono inayoweza kumshika mtoto hapo. Penye treni, pandeni treni.

Na msivute mikono. Kila msimu wa likizo napokea mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye amevutwa mkono akipandishwa ngazi kwa haraka, na sasa ameuning'iniza kiwiko kimekunjwa kidogo, hataki uguswe. Mfupa wa kiwikoni umeteleza kidogo mahali pake. Daktari huurudisha kwa dakika moja, ila usijaribu mwenyewe kwa kuangalia video.

Nimekuja kwenye lile la kituoni. Pole sana, dakika kumi hizo najua ni ndefu. Familia nyingi zilizonisimulia kisa kama hicho hazikuwa na mtoto aliyekimbia. Walikuwa wazazi wawili, kila mmoja akidhani mtoto yuko na mwenzake. Dawa yake ni neno moja linalosemwa kwa sauti kila mnapotoka mlangoni, mnaposhuka na mnapopanda: "Nani ana nani?" Kila mtoto atajwe, na anayejibu ndiye mwenye dhamana mpaka aseme "mchukue". Mtaona mnachekesha siku ya kwanza. Endeleeni.

Binti wa miaka mitano anaweza kufundishwa mambo matatu, na afundishwe kwa kuigiza nyumbani, maana maelezo matupu hayashiki. Asipowaona, asimame palepale. Apaze sauti aite jina lako halisi, kwa sababu akiita "mama" wanawake wote kituoni watageuka. Kisha amwendee mfanyakazi aliyevaa sare, au mama mwenye watoto. Namba ya simu aikariri kwa kuiimba. Wiki mbili zinatosha. Kijana aandikiwe namba tu, bila jina, kwenye kitambaa cha mkononi au kwa kalamu juu ya ngozi. Kila asubuhi wapigeni picha na nguo walizovaa. Akili ya mzazi aliyepotelewa haikumbuki rangi ya shati.

Kwa treni muwe na kanuni inayojulikana: mtu mzima mmoja apande wa kwanza, mwingine wa mwisho, watoto katikati. Mlango ukifunga na mtoto amebaki nje, abaki alipo, ninyi mshuke kituo kinachofuata mrudi. Akiwa amebaki ndani peke yake, ashuke kinachofuata na asimame hapo, nanyi mumfuate. Binti yako ataelewa. Kijana haelewi bado, huyo ashikwe mkono tangu ngazi za kuingilia. Na akipotea mtoto, mmoja abaki mahali mlipomwona mwisho, mwingine atafute kwa kuanza penye hatari: reli, barabara, maji. Waambieni wafanyakazi dakika ileile. Wazazi hukawia kwa aibu.

Kabla ya safari, nenda na mdogo kliniki wiki nne au sita mapema, hasa mkivuka mpaka. Uliza kuhusu chanjo ya surua. Baadhi ya nchi huwapa watoto wanaosafiri dozi ya mapema kuanzia miezi sita, na ile ya kawaida hubaki palepale. Bebeni dawa ya homa kwa kipimo cha uzito wa kila mtoto na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini.

Mkiwa huko, mpelekeni mtoto hospitali bila kusubiri asubuhi ikiwa anapumua kwa shida, ikiwa amelegea na haamki vizuri, ikiwa mdogo hajalowesha nepi kwa saa sita au analia bila machozi, au ikiwa ameanguka akagonga kichwa kisha anatapika mara kwa mara. Maumivu ya miguu yote miwili usiku baada ya kutembea, yanayoisha asubuhi, ni ya kawaida. Mguu mmoja unaouma, akachechemea au kuvimba au kupata homa, huo uonwe na daktari.

Na kijana wako, nimwone au amwone daktari aliye karibu nawe kama mambo ya sakafuni hutokea nyumbani pia, mara nyingi kwa siku, akiwa ameshiba na amelala, kama hujiumiza, kama huziba masikio kwa sauti za kawaida, au kama amepoteza maneno aliyokuwa akiyasema. Kwa barua siwezi kupima hayo.

Limebaki la wewe na baba yao. Ulikuwa na mimba ya miezi mitano ukizunguka jiji na watoto wawili na orodha ya mambo kumi na mawili, kwa hiyo nashangaa mlirudi mkiwa bado mnapeana chumvi mezani. Safari hii kila mmoja apewe saa tatu peke yake, kwa zamu, aende anakotaka wakati mwenzake yuko chumbani na wanaolala. Kama ile orodha bado unayo, itoeni leo jioni, mmoja wenu akiwa na kalamu. Chagueni matano. Yale saba mengine yafuteni mkiwa wote wawili mezani, ili siku ya nne, mkipita mbele ya lango la mojawapo saa sita na nusu mchana, asiwepo wa kusema, "Tuingie tu mara moja."